Mchanga wa Mto Mkundi na Neno la Mkutano Mkuu

Mhadhara kwa wananchi na viongozi wa Magole, wilayani Kilosa

Nimepewa saa moja, nami nitajitahidi nisiizidishe, kwa kuwa wengi wenu mmeacha kazi shambani ili mje kunisikiliza.

Nimeombwa nizungumze juu ya wananchi kupinga machimbo ya mchanga na kokoto. Naomba nieleweke mapema. Sikuja kuhukumu ombi la kampuni yoyote wala kumnyooshea mtu kidole. Nazungumzia ombi ambalo kila kijiji chenye mto wa mchanga na barabara ya lami hulipokea siku moja, na pengine hulipokea zaidi ya mara moja kwa majina tofauti. Nia yangu ni kuonyesha kwamba kijiji kina nguvu kubwa kabla leseni haijatoka na kabla tipa la kwanza halijashuka mtoni, na kwamba nguvu hiyo inategemea wanakijiji kuufahamu mto wao kuliko anayekuja kuuchimba. Nina hoja tano. Hazilingani uzito, kwa hiyo nyingine nitazipita haraka.

Kabla ya hoja hizo, kwa nini watu wanautaka mchanga wenu? Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Baada ya maji, hakuna mali ya asili inayotumika kwa wingi kuliko hiyo. Hapa kwetu hesabu hiyo mnaiona kwa macho. Tangu Serikali ihamie Dodoma, mji ule haujaacha kujengwa. Reli ya kisasa imepita katika wilaya hii ya Kilosa kwa madaraja na mahandaki, barabara ya Turiani inaanzia hapa hapa, na kiwanda cha sukari cha Mkulazi kimesimama Mbigiri. Vyote hivyo ni zege, na zege haliwezi kutengenezwa bila mchanga. Katika bei ya mchanga, usafiri ndio unaoumiza, kwa hiyo mnunuzi hupenda mto ulio kando ya lami. Mkundi uko kando ya lami.

Hoja ya kwanza: mchanga uliolala mtoni una kazi pale pale ulipo.

Mtu akiutazama mto wakati wa kiangazi huona mchanga mtupu, akadhani ni mali iliyolala bure. Mkulima wa nyanya anayechimba kisima kifupi katikati ya mto mwezi wa Septemba anajua sivyo. Kati ya punje na punje mna nafasi, na nafasi hizo huhifadhi maji. Katika mchanga mzuri wa mtoni zinaweza kufikia robo ya ujazo wote au zaidi. Ukitoa mita mbili za mchanga, umetoa na tangi. Maji yaliyokuwa karibu na uso yanashuka, visima vya kingoni vinashuka navyo, na mtu aliyekuwa anachota kwa ndoo analazimika kununua pampu.

Kazi ya pili ni kushikilia madaraja. Hapa sihitaji kuwahadithia, ila vijana waliosimama madirishani kwa sababu viti vimekwisha walikuwa wadogo, kwa hiyo niwakumbushe. Tarehe 22 Januari 2014, Mto Mkundi ulifurika kwa mvua zilizonyesha huko juu milimani. Maji yaliingia Magole, Dumila na vijiji vya jirani, nyumba zikaanguka, familia zikahamia kwenye mahema, na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika hapa darajani. Magari yalisimama pande zote mbili. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, hayati John Magufuli, alifika mwenyewe kusimamia ukarabati. Nchi nzima ikajua jina la Magole kwa sababu ya daraja moja. Sisemi kwamba mafuriko yale yaliletwa na wachimba mchanga. Nasema tu kwamba daraja lililojengwa juu ya mto wa mchanga linasimama kwa kutegemea mchanga huo kubaki pale ulipo.

Shimo likichimbwa mita mia kadhaa chini ya daraja, halibaki kuwa shimo. Maji yanayoingia ndani yake huongeza kasi na kula ukingo wa juu wa shimo, na mmomonyoko hupanda kinyume cha mkondo, msimu hadi msimu, mpaka ukafika kwenye nguzo. Wakati huohuo, maji yaliyotua mchanga wake shimoni hutoka mepesi, nayo hula kingo za upande wa chini ili yajaze tena yalichopoteza. Kwa hiyo aliye juu ya machimbo anaumia, na aliye chini yake pia anaumia.

Huko Ureno, tarehe 4 Machi 2001, daraja la Hintze Ribeiro katika Mto Douro liliporomoka usiku likiwa na basi juu yake. Watu 59 walikufa. Uchimbaji wa mchanga wa miaka mingi ulitajwa miongoni mwa sababu zilizoacha msingi wa nguzo wazi. Karibu zaidi na sisi, Mei 2023 daraja la Katonga katika barabara ya Kampala kwenda Masaka lilisombwa na maji, na Uganda ya kusini ikalazimika kuzunguka. Lawama nyingi ziliwaendea wachimba mchanga wa Lwera na walioharibu vinamasi vya ukanda ule kwa kilimo cha mpunga. Wahandisi wanaweza kubishana nani alichangia kiasi gani. Abiria aliyelala njiani hana muda wa ubishi huo.

Hoja ya pili ndiyo ngumu, nami nitakaa nayo.

Anayekuja kuomba machimbo katika bonde hili mara nyingi hatasema, "Nataka kuwachukulia mchanga." Atasema, "Mto wenu umejaa. Mafuriko yanatokea kwa sababu mto hauna kina. Nitausafisha bure, na mchanga nitauondoa mimi." Naona watu wanacheka; nadhani mmeshausikia usemi huo. Basi sikilizeni, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Mito ya Kilosa hubeba udongo kuliko mito mingi nchini. Inashuka kutoka milima ya Ukaguru na Usagara, na kutoka nyanda kavu za Gairo na Dodoma ambako miti imekatwa na makorongo yamefunguka, kisha ghafla inafika tambarare. Kasi ikipungua, mzigo unatuliwa. Kwa Mto Mkondoa jambo hili linafahamika tangu enzi za Wakoloni, ndiyo maana mji wa Kilosa ulijengewa tuta. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 tuta lile lilishindwa, maelfu ya watu wakapoteza makazi, na reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe ikaharibika hata safari za treni zikasimama kwa miezi. Wataalamu wa JICA, shirika la Kijapani, waliokuja baadaye kuchunguza kipande kile cha reli hawakutazama maji tu. Walitazama udongo na mchanga unaoletwa na maji. Kwa hiyo hatuwezi kusimama mbele ya mhandisi tukasema kwamba mchanga hauna madhara. Ana vitabu vyake, na vitabu vyake viko sahihi.

Lakini kuondoa mchanga uliojaa ili kuzuia mafuriko ni kazi moja, na kuendesha machimbo ya biashara ni kazi nyingine. Kazi ya kwanza ina mpaka. Mtu amepima sakafu ya mto, anajua imepanda kiasi gani, ataondoa kiasi gani, mahali gani, na ataacha lini. Husimamiwa na mamlaka ya maji, na ikikamilika mashine zinaondoka. Machimbo ya biashara hayana mwisho wa namna hiyo, maana yanasimama soko linapokoma au mchanga unapokwisha. Tena mwenye biashara hachagui mchanga unaowasumbua. Ule uliochanganyika na tope, uliofunika mashamba na mifereji baada ya mafuriko, haumfai kwa zege. Anautaka ule safi, wa punje kali, ulio katikati ya mkondo na karibu na barabara, yaani ule ule unaoshikilia daraja na kuhifadhi maji.

Basi akija mtu na usemi wa kuusafisha mto, msimfukuze. Mwulizeni maswali ya msafishaji. Umepima wapi? Sakafu ya mto ilikuwa wapi mwaka juzi, na iko wapi leo? Utaondoa mita ngapi na utaacha ngapi? Tope la mashambani mwetu nalo utalichukua? Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, pale Morogoro, imekupa kibali gani? Akiwa msafishaji kweli, maswali hayo yatamfurahisha.

Kuna swali moja ambalo wananchi nao lazima waulizwe. Mchanga unaojaa mtoni umetoka mahali. Kama tunalima hadi kwenye ukingo, tunachoma mkaa milimani, na kuchunga kwenye miteremko iliyo uchi, basi tunautengeneza sisi wenyewe mzigo ambao mchimbaji anajitolea kuubeba. Kijiji kinachopinga machimbo huku kinalima ndani ya mto kitaaibishwa katika kikao cha kwanza.

Hoja ya tatu nitaipitisha haraka: fedha.

Mrabaha wa vifaa vya ujenzi ni asilimia 3, nao unakwenda Serikali Kuu. Ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri ya wilaya hauzidi asilimia 0.3 ya mauzo. Katika kila mzigo wa mchanga wa shilingi 100,000, hiyo ni shilingi 3,000 na si zaidi ya shilingi 300. Fungu la kijiji halitajwi humo. Kinachopatikana kijijini ni ujira wa vijana wanaopakia, chakula kinachouzwa na kina mama kando ya machimbo, na chochote ambacho kijiji kimekubaliana kwa maandishi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye haki ya madini aandae kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii unaokubaliwa na serikali za mitaa, lakini mpango haujiandiki. Sidharau ujira wa vijana. Anayepakia tipa leo analisha watoto leo, na anayempinga lazima amweleze atakula nini. Ila hesabu iwe kamili: upande mmoja ujira, upande wa pili visima vilivyoshuka, mpunga uliokosa maji, na barabara ya kijiji iliyochimbika kwa matairi ya malori.

Hoja ya nne: sheria inawapa neno, lakini inawapa mapema, na wengi huja kulidai wakati umepita.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya sera ya kijiji, na hukutana kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ni watendaji wa mkutano huo. Mwenyekiti na mtendaji wana mhuri, lakini mhuri hauna sauti ya peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakwenda mbali zaidi. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, na ukubwa wake hauzidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua baada ya kupata mapendekezo ya mkutano huo. Na hakuna kuhamisha kabla fidia haijakubaliwa: aina yake, kiasi chake na wakati wake. Machimbo mengi ya mchanga na kokoto hayakaribii hekta 250.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu uhifadhi wa eneo hilo. Mita 60 wengi wenu mnazijua kwa kuzikariri. Sasa nawauliza: kutoka ukingo upi? Mkundi wa leo haupiti palepale ulipopita kabla ya Januari 2014. Mto wa mchanga huhama. Kama hakuna alama zilizowekwa na kuandikwa, mchimbaji atapima kutoka pale panapomfaa, na mkulima naye vivyo hivyo. Alama hizo ziwekwe na mamlaka ya bonde mbele ya mashahidi wa vijiji vya pande zote mbili.

Kuna mlango mwingine ambao vijiji vingi havijauona. Mradi mkubwa hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi husikilizwa, na Baraza la Mazingira, NEMC, huipitia kabla uamuzi haujatolewa. Mchimbaji mdogo hudaiwa mpango wa utunzaji wa mazingira, jambo ambalo ni jepesi zaidi. Leseni ndogo moja haitishi. Lakini leseni ndogo sita zilizopangwa sambamba kando ya mto mmoja, zikipakia malori ya mnunuzi mmoja, ni machimbo makubwa ambayo hayakufanyiwa tathmini yoyote. Anayepitia maombi moja moja ofisini hawezi kuliona hilo. Aliyekaa kijijini anaweza.

Lililo muhimu kuliko yote katika hoja hii ni karatasi. Mwalimu mmoja hapa mbele ananitazama kama anayesema, nilijua atafika huko. Ndiyo, nimefika. Watu mia tatu wakipiga kelele barabarani ni habari ya siku moja, na wanaweza kukamatwa. Watu mia tatu waliosaini mahudhurio ya mkutano mkuu, wenye muhtasari unaoonyesha nani aliuliza nini, akajibiwa nini, na kura zikawaje, ni ushahidi ambao afisa madini, NEMC na hakimu watalazimika kuusoma. Muhtasari uandikwe siku ileile na usomwe kabla watu hawajatawanyika. Nakala ibaki shuleni au kanisani au msikitini, si kwenye droo moja tu.

Hoja ya tano ni angalizo kwa wapingaji wenyewe.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kutupa taka mtaani mwao. Walishinda, na Mahakama Kuu ikaihusisha haki ya kuishi, iliyo katika Katiba, na hewa wanayovuta watu. Ni ushindi wa kihistoria, na wanafunzi wa sheria wanausoma hadi leo kama kesi ya Kessy. Taka zikaenda wapi? Zikaenda Kunduchi Mtongani, eneo linalojulikana kwa machimbo ya mawe. Wakazi wa huko nao, Festo Balegele na wenzake 794, wakaenda mahakamani mwaka 1991 na kushinda. Taka zikahamia Vingunguti. Kila mtaa uliokuwa na watu wa kuandika na kusema uliuhamishia mzigo mtaa wa jirani.

Mchanga ni rahisi kuhamishwa kuliko taka. Magole ikikataa, malori yatapanda juu kidogo au yatashuka chini, kwenye kijiji ambacho mtendaji wake hana muda, au wilaya ya Mvomero, au Gairo. Mto ni ule ule, na madhara ya shimo la huko yatafika hapa, kama nilivyoeleza kuhusu mmomonyoko unaopanda na maji mepesi yanayokula kingo za chini. Kwa hiyo kukataa kwa kijiji kimoja hakutoshi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu jumuiya za watumia maji, ambamo vijiji vya mto mmoja hukaa meza moja. Hapo ndipo suala la mchanga linapostahili kuzungumzwa, pamoja na wafugaji, maana ng'ombe nao wanakunywa mto huohuo. Wilaya hii inakumbuka mauaji ya Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, wakulima na wafugaji walipoacha kuzungumza.

Makueni, nchini Kenya, walifika kwenye mazungumzo kupitia njia mbaya. Mito yao ya msimu ilichimbwa kwa ajili ya majengo ya Nairobi, maji yakatoweka, magenge yakaingia, watu wakauawa, akiwemo askari polisi. Mwaka 2015 kaunti ikatunga sheria yake ya uhifadhi na matumizi ya mchanga, ikaunda mamlaka ya kuisimamia na kuzuia mchanga kusombwa kwenda nje ya kaunti kwa biashara. Uchimbaji haukupigwa marufuku wote. Mtu anayejenga nyumba yake bado anahitaji mchanga. Walichofanya ni kuamua kwanza mto unaweza kutoa nini, na nani atautumia. Halmashauri zetu zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sioni sababu Kilosa isiwe na ya mchanga, na Mheshimiwa Diwani naona ameandika. Ahsante.

Ndugu Mwenyekiti, niangalie mbele sasa. Mkutano mkuu wa robo ijayo uwe na ajenda ya mto, hata kama hakuna mwombaji yeyote mlangoni. Kijiji kiandae mpango wake wa matumizi ya ardhi, kama Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inavyoruhusu, na katika ramani hiyo muonyeshe wenyewe mahali ambapo moramu na kokoto vinaweza kuchimbwa bila kugusa maji, kwa sababu nyumba zenu pia zinajengwa, na vijana wanahitaji kazi halali. Kabla ya masika, walimu wa jiografia wawatoe wanafunzi wakapime sakafu ya mto darajani na sehemu nyingine mbili, juu na chini, na wapime tena masika yakiisha. Kamba, fimbo yenye alama na daftari vinatosha. Baada ya miaka mitatu kijiji hiki kitakuwa na takwimu za Mkundi ambazo mwombaji wa leseni hana, na Bodi ya Bonde itakuja kuziomba.

Mambo ya fidia na mikataba sikuyamaliza; yanahitaji mwanasheria, si mimi. Saa yangu imekwisha na mikono imeshanyooshwa. Wa kwanza naona ni dereva wa tipa. Karibu, ndugu yangu, anza wewe.